Waya Haupotei: Kumpiga Picha Mnyama Aliye Nyuma ya Wavu

Nyumba nyingi, za pwani na za bara, zina wavu wa mbu dirishani, na mtu anayetaka kuelewa kwa nini picha ya simba wa kizimbani hutoka imechorwa mistari ya waya hana haja ya kwenda mbali zaidi ya dirisha hilo. Akisimama katikati ya chumba mchana, atauona wavu wenyewe, uzi kwa uzi, na mwembe ulioko uani utaonekana umekatwakatwa vipande vidogo. Akisogea mpaka kope zake zikaribie kuugusa wavu, nyuzi zitafifia na mwembe utasimama mzima. Kisha kuna jambo la pili: mpita njia aliye nje juani hawezi kumwona mtu aliye ndani, ingawa aliye ndani anamwona yeye vizuri, kwa sababu upande wa nje wavu umewakwa na jua na umegeuka pazia. Mambo haya mawili, la umbali na la mwanga, ndiyo yanayoharibu picha nyingi zinazopigwa katika bustani za wanyama. Sababu zake ni mbili tofauti na dawa ya moja haiponyi jingine, lakini watu huyachanganya na kuyaita kwa pamoja "tatizo la waya".

Ushauri unaotolewa kila mara ni kwamba mpiga picha afungue tundu la lenzi mpaka mwisho, avute mnyama karibu na ausogelee wavu. Ushauri huo si wa uongo, ila umekatwa kichwa. Anayeufuata akiwa na simu ambayo lenzi yake imeandikwa f/1.8 hupata waya mnene kama kamba ya manila, ilhali aliye kando yake, mwenye lenzi ndefu iliyofunguka f/5.6 tu, anaondoka na picha ya chui asiye na mstari hata mmoja. Tumefundishwa kwamba namba ndogo ya f maana yake ni tundu kubwa. Kwa hesabu hiyo simu ndiyo ingepaswa kushinda, na inaposhindwa mtu hulaumu simu, au hujilaumu mwenyewe, wakati kilichokosekana ni maelezo.

Chukua njiti moja ya ufagio wa chelewa. Fumba jicho moja, kisha ishike njiti hiyo sentimita chache mbele ya jicho lililo wazi huku ukitazama kitu kilicho mbali, tuseme paa la jirani. Kwenye ncha, ambako njiti ina unene wa milimita 1 au pungufu, utaona ajabu: paa linaonekana kupitia njiti, kana kwamba njiti ni ya kioo chenye moshi. Telezesha vidole ili shina lake nene lije mbele ya jicho, na paa litakatika. Ukirudia jaribio jioni chumba kikiwa na giza kidogo, hata ile sehemu ya kati, iliyokuwa ikificha, itaanza kupitisha taswira. Njiti haijabadilika. Kilichobadilika ni mboni ya jicho, ambayo kwenye jua kali hubana mpaka milimita 2 hivi na gizani hupanuka hadi milimita 5 au zaidi.

Siri ni kwamba kila nukta ya paa, au ya uso wa simba, haitumi mwale mmoja tu kuja kwenye jicho. Inatuma mwanga unaojaza upana wote wa mboni, na lenzi ya jicho huukusanya tena uwe nukta moja. Kitu chembamba kuliko mboni kinapokaa karibu na jicho huziba sehemu tu ya mwanga huo, na uliobaki hupita pembeni ukafika salama. Nukta haipotei, inapungua mwanga tu. Kwa lenzi ya kamera ni vivyo hivyo, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo: waya haupotei. Upo katika picha nzima, kivuli chake kimetandazwa juu ya kila nukta kama chumvi kwenye maji, na ukitandazwa sawasawa jicho halina mahali pa kuushika. Kazi yote ya mpiga picha aliye mbele ya wavu ni kuutandaza, na kila anachofanya kinapimwa kwa swali moja: je, waya una upana gani ukilinganishwa na tundu ambalo mwanga unapitia?

Upana huo wa tundu hausomwi moja kwa moja kwenye namba ya f. Katika maandishi kama f/5.6, herufi f ni urefu wa fokasi wa lenzi (umbali ambao lenzi huhitaji ili kuukusanya mwanga wa kitu cha mbali uwe picha), na mkwaju ule (/) ni alama ya kugawanya. Maana yake ni kwamba tundu lina upana sawa na urefu wa fokasi ukigawanywa kwa 5.6. Lenzi ya milimita 300 iliyofunguka f/5.6, ambayo ni lenzi ya bei ya kawaida, ina tundu la milimita 54 hivi. Ya milimita 200 yenye f/2.8, zile nzito za waandishi wa habari za michezo, ina tundu la milimita 71. Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa hadi milimita 55 kwa f/5.6, ina milimita 10 tu. Simu je? Urefu halisi wa fokasi wa lenzi kuu ya simu ni milimita 6 au 7 hivi (ile 24 au 26 inayotangazwa ni ya kuilinganisha na kamera kubwa), kwa hiyo f/1.8 yake inaleta tundu lisilofika milimita 4.

Sasa weka mbele ya matundu hayo waya wa wavu wa kawaida, wenye unene wa milimita 3 na jicho la milimita 50, ule unaozungushiwa viwanja vya shule na vizimba vya wanyama vilevile. Ukiwa karibu kabisa na lenzi ya milimita 54, waya mmoja unaopita katikati ya tundu huziba asilimia 7 tu ya mwanga, na upungufu huo umesambaa kwenye utepe mpana sana wa picha. Ni wachache watakaouona. Mbele ya tundu la milimita 10 waya uleule huziba karibu asilimia 38, na hapo picha hupata michirizi ya kijivu ambayo mtu huidhania ni uchafu wa lenzi. Mbele ya tundu la simu huziba zaidi ya asilimia 80, yaani kwa macho yetu umeziba. Hilo ndilo jibu la yule wa f/1.8: simu yake haikuwa na hitilafu yoyote, ilikuwa na mlango mwembamba karibu sawa na mlingoti uliosimamishwa mbele yake.

Lakini wembamba huohuo ni neema ukitumiwa kwa namna nyingine. Tundu la milimita 4 halihitaji kutandaza waya wowote kwa sababu linaweza kupitishwa katikati ya jicho la wavu, pasipo waya kabisa. Simu ikielekezwa ili lenzi yake ikae katikati ya jicho la milimita 50, karibu na wavu kadiri inavyoruhusiwa, nyaya hubaki nje ya picha au kwenye kingo zake tu. Tatizo ni kwamba simu za siku hizi zina lenzi mbili, tatu au nne mgongoni, na mwenye simu hajui ni ipi inayofanya kazi. Kuna njia rahisi ya kujua: ziba lenzi moja moja kwa ncha ya kidole huku ukitazama kioo cha simu, na ile ambayo ikizibwa picha inakuwa nyeusi ndiyo ya kupeleka kwenye jicho la wavu. Usishangae ukichagua ukuzaji wa mara tatu na kukuta kwamba bado lenzi kuu ndiyo inayofanya kazi. Mwanga ukiwa hafifu, au kitu kikiwa karibu mno, baadhi ya simu huiacha lenzi ya mbali kimyakimya na kukuza tu kipande cha picha ya lenzi kuu. Kukuza kwa namna hiyo hakuongezi upana wa tundu hata kidogo, hukuza waya pamoja na simba.

Kutokana na hayo kuna matokeo ambayo wengi huyaona kinyume cha akili. Mwenye lenzi kubwa hapaswi kuuogopa wavu wenye macho madogo, ule wa vizimba vya ndege na nyani wadogo, kwa sababu nyaya zake ni nyembamba na zimekaribiana, hivyo kivuli chao hujitandaza sawasawa bila kuacha michirizi. Anachopoteza ni mwanga: wavu wa jicho la milimita 50 wenye waya wa milimita 3 hula kama asilimia 12 ya mwanga wote, na wa jicho la milimita 25 wenye waya wa milimita 2.5 hula kama asilimia 19, hasara ambayo kamera huifidia bila mtu kugundua. Mwenye simu, kwa upande wake, autafute wavu wenye macho makubwa, na akikuta wenye macho madogo kuliko lenzi yake basi simu aiweke mfukoni amtazame mnyama kwa macho.

Mpaka hapa nimesema "karibu na lenzi" kana kwamba kila mtu anaruhusiwa kuufikia wavu. Haruhusiwi. Katika bustani nyingi kuna ua mfupi au bomba la kuzuia wageni, umbali wa mita moja au zaidi kutoka kwenye wavu, na bomba hilo lina sababu ambayo haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuona jinsi chui anavyochomoa mkono kati ya nyaya. Vizimba vingine vina nyaya za umeme kwa ndani. Kwa hiyo swali la haki ni hili: aliyezuiwa mita moja na nusu kutoka kwenye waya afanye nini?

Mwanga unaotoka kwenye nukta moja ya mnyama huanza ukiwa ncha na hupanuka kama pia, ile ya kuchezea watoto, iliyogeuzwa hadi ujaze tundu la lenzi. Waya unaukata mahali fulani njiani. Ukiukata karibu na lenzi, unakuta pia imeshapanuka na unaziba sehemu ndogo. Ukiukata karibu na mnyama, unakuta ncha na unaiziba yote. Upana wa mwanga pale penye waya hupatikana kwa kuchukua umbali kutoka kwenye waya hadi kwa mnyama, kuugawa kwa umbali wote kutoka kwenye lenzi hadi kwa mnyama, na kuzidisha kwa upana wa tundu. Tuseme umesimama penye bomba, mita 1.5 kutoka kwenye wavu, na lenzi yako ni ile ya milimita 300 kwa f/5.6. Simba akilala mita 4.5 nyuma ya wavu, hesabu inakuwa 4.5 kwa 6, yaani robo tatu, na mwanga penye waya una upana wa milimita 40. Waya wa milimita 3 hautakusumbua. Akisimama mita 1 tu nyuma ya wavu, inakuwa 1 kwa 2.5, upana ni milimita 22 hivi, waya unaziba kama asilimia 17 na michirizi inaanza kuonekana. Akija kujikuna shavu kwenye wavu, hesabu ni sifuri, na hakuna lenzi duniani, hata ya bei ya gari, itakayoutandaza waya ule.

Nilijifunza hilo kwa kupoteza asubuhi nzima. Katika kituo cha wanyama yatima cha Nairobi, ambacho kipo penye lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi na kilianzishwa mwaka 1964, nilisimama mbele ya chui aliyekuwa akizunguka kizimba chake sambamba na waya, mara huku mara kule, nami nikimfuata kwa lenzi na kupiga picha zaidi ya mia. Zote zilikuwa na nyaya usoni pake. Nilikuwa nikipiga kila alipokaribia, kwa sababu ndipo alipoonekana mkubwa na wa kutisha, na ndipo hasa hesabu ilipokuwa dhidi yangu. Alipochoka na kupanda kwenye gogo lake nyuma, mbali na waya, nami nilikuwa nimeshachoka na kukaa kunywa maji. Picha moja tu ya siku ile ndiyo niliyoihifadhi, na ni ya makosa: chui amebana pua kwenye waya, waya una ukali kuliko jicho lake, na kutu yake inahesabika. Mnyama akiwa hapo, waya ni sehemu ya habari, na ni bora kuupiga kwa kukusudia kuliko kuuficha nusu nusu.

Kuna jambo dogo la pembe ambalo halina budi kutajwa. Lenzi ielekee wavu uso kwa uso. Ukipiga kwa kukingama, macho ya wavu hubana kwa upande mmoja, kama vile macho ya chandarua yanavyobana ukikivuta, na nyaya zinakuwa kama zimeongezeka idadi.

Sasa lile la pili, la mwanga, ambalo naliona ndilo linalowaangusha hata wenye lenzi kubwa. Tundu pana hutandaza waya, lakini linautandaza ulivyo: waya mweusi hutandaza weusi, yaani hupunguza mwanga kidogo tu, bali waya wa mabati unaowaka juani hutandaza weupe. Tuseme wavu umechukua asilimia 12 ya eneo, na waya wake juani unang'aa mara 8 kuliko simba aliyelala kivulini. Mwanga wa waya unakuwa 12 mara 8, yaani 96, na wa simba ni 88. Zaidi ya nusu ya mwanga ulioingia kwenye kamera ni wa waya! Picha haina mstari hata mmoja, fokasi iko sawa, na bado simba anaonekana kama ameogeshwa kwa maziwa: hakuna weusi, hakuna rangi, manyoya yamefifia. Mtu hufikiri lenzi yake imeingia ukungu na anaifuta kwa shati, jambo ambalo linaiharibu zaidi.

Dawa ni kivuli. Si lazima wavu mzima uwe kivulini, inatosha kile kipande ambacho lenzi inapitia, ambacho si kikubwa kuliko sahani. Kofia, mwavuli, kanga ya mwenzako iliyokunjuliwa, hata mwili wake mwenyewe akikubali kusimama upande wa jua, vyote vinafaa. Wakati wa siku nao una nguvu kuliko kifaa chochote: upande wa kizimba unaowaka asubuhi huwa kivulini alasiri, na mara nyingi kuzunguka upande wa pili kunamaliza shida yote. Siku ya mawingu, ambayo wengi huiona mbaya kwa picha, ni siku njema mbele ya waya. Baadhi ya bustani hupaka nyaya rangi nyeusi ili wageni waone vizuri, na sababu ni hiyohiyo. Mmweko wa kamera, kwa upande wake, hufanya kazi ya jua kali kwa kuumulika waya kwanza kabla haujamfikia mnyama, mbali na kumkera yeye mwenyewe, uzimwe. Kama ukungu umeshaingia na umetapakaa sawasawa, programu ya kuhariri inaweza kuurudisha weusi mahali pake kwa kiasi kikubwa. Michirizi haina msamaha huo, kwa kuwa kila utepe una kipimo chake.

Kuhusu fokasi, mashine inapenda kitu kilicho karibu na chenye mistari iliyokolea, na wavu una sifa zote mbili. Kamera ikiachiwa ichague, itachagua waya. Mpiga picha aipunguzie uhuru: atumie nukta moja ndogo ya fokasi na aipitishe katikati ya jicho la wavu mpaka ikae kwenye jicho la mnyama. Lenzi nyingi ndefu zina swichi ya kuizuia isitafute vitu vya karibu, swichi ambayo nimekutana na watu waliomiliki lenzi miaka mitatu bila kuigusa. Njia nyingine ni kufokasi kwanza kwenye gogo au jiwe lililo umbali sawa na mnyama, mahali ambapo waya hausumbui, kisha kuishikilia fokasi hiyo na kumgeukia. Kwenye simu, kubonyeza kioo na kushikilia kidole kwa muda hufunga fokasi katika simu nyingi. Ile hali ya simu ya kutia ukungu nyuma ya mtu haifai kabisa hapa, kwa sababu ukungu wake hautoki kwenye tundu bali kwenye makisio ya programu, na programu ikikutana na waya unaopita mbele ya sikio la mnyama hukata sikio.

Kuna dalili nyingine ambayo huwashangaza waliofanya kila kitu sawa. Nyuma ya mnyama, pale jua linapopenya kwenye majani na kufanya viduara vya mwanga, kila kiduara huonekana kimechorwa wavu ndani yake, vijiwavu vidogo vingi vinavyoelea. Havikutoka nyuma, ni wavu uleule wa mbele. Kila kiduara ni picha ya tundu la lenzi, na tundu lenyewe limekatizwa na wavu ulio mbele yake. Hapo la kufanya ni kubadili mahali mpaka nyuma ya mnyama pawe ukuta, kichaka kizito au ardhi, pasipo vimulimuli.

Na nyuma ya mnyama kuna wavu mwingine, wa upande wa pili wa kizimba, ambao watu huusahau mpaka wafike nyumbani. Huo haukatizi mwanga wa mnyama, kwa hiyo hauna hesabu ngumu, unahitaji tu kuwa mbali naye. Filamu maarufu ya thailasini, mnyama wa Tasmania aliyefanana na mbwa mwenye milia mgongoni, ilipigwa na David Fleay katika bustani ya Hobart mwaka 1933 akiwa ndani ya kizimba, hivyo mbele hapakuwa na kizuizi. Lakini nyuma ya mnyama waya unaonekana wazi. Mnyama wa mwisho anayejulikana wa jamii hiyo alikufa hukohuko Septemba 1936. Kwangu mimi nyaya zile za nyuma si dosari. Zinaonyesha mahali ambapo jamii nzima ya wanyama ilimalizikia.

Pasipo na waya kuna vizuizi vingine. Carl Hagenbeck alifungua bustani yake Stellingen, karibu na Hamburg, mwaka 1907, akiwa ametumia mahandaki badala ya vyuma, na tangu hapo wazo hilo limeenea. Huko Entebbe sokwe wamewekwa kwenye kisiwa kwa kuwa hawaogelei, na jirani na kituo cha yatima cha Nairobi kuna njia ya mbao iliyoinuliwa ambayo humwezesha mgeni kutazama kutoka juu ya ua. Penye vioo shida si waya ni mng'ao, na hutatuliwa kwa kubandika mdomo wa lenzi kwenye kioo bila kuacha nafasi, ukizungushia kitambaa cheusi.

Limebaki suala la programu za kufuta waya baada ya picha kupigwa, na hapa kuna mbinu mbili ambazo hazistahili kupewa jina moja. Mwaka 2015 watafiti wa MIT na Google walionyesha njia ya kupiga mfululizo mfupi wa picha huku kamera ikisogezwa kidogo. Kwa kuwa waya uko karibu na mnyama yuko mbali, kamera ikisogea waya huhama sana kwenye picha na mnyama huhama kidogo, kama miti ya kando ya barabara inavyokimbia dirishani mwa basi huku mlima ukitulia. Kilichofichwa katika picha moja huonekana katika nyingine, na kompyuta huunganisha vipande vilivyoonekana kweli. Mnyama akitulia, hata mtu mwenye subira anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mkono, akipiga picha kadhaa huku akijisogeza sentimita chache kila mara.

Mbinu ya pili, ambayo sasa imo ndani ya simu na hufanya kazi kwa mguso mmoja wa kidole, hupewa picha moja tu. Haijui kilichokuwa nyuma ya waya, kwa hiyo hukisia kwa kutazama kilicho pembeni. Kwenye majani au ukuta kisio hilo halina madhara. Kwenye ubavu wa punda milia au chui ni habari nyingine, kwa sababu mpangilio wa milia na madoa ya kila mnyama ni wake peke yake, na watafiti wa wanyamapori humtambua mmoja na mwingine kwa mpangilio huo. Nilipoipitisha programu ya namna hiyo kwenye picha zangu za yule chui, nyaya ziliondoka zote. Kisha nikazilinganisha picha mbili za ubavu uleule wa kulia, zilizopigwa dakika moja mbali, na penye mstari wa waya moja ilikuwa na madoa manne, nyingine sita.